Tuanzie juu: mwongozo wa kutuliza ravini na kurudisha majani ukingoni mwa ziwa, Bukavu

Matope mekundu yanayotanda kwenye Ziwa Kivu baada ya kila mvua kubwa, pale mto Kahuwa unapomwaga, hayakuzaliwa ziwani. Yametoka juu: kwenye parseli (viwanja) zilizokatwa wima huko Kadutu, mjini Bukavu, kwenye vijia vinavyoteremka moja kwa moja kama vile mtu alikuwa na haraka, kwenye paa za manjanja (mabati) zisizo na mfereji hata mmoja. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kando ya maji, ingawa huko ndiko vikundi vingi hupenda kwenda kupanda miti na kupiga picha. Unaanzia kwenye mgongo wa kilima na kushuka nyumba kwa nyumba hadi ziwani. Ukipanda matete ukingoni huku ravini, yaani korongo lililochimbwa na maji ya mvua, bado inakula udongo juu, tope litayafunika kabla ya Noeli.

Watu wa pwani walishajifunza jambo hili kwa mikoko. Congo nayo ina mikoko, kule Muanda ambako mto Congo unaingia Atlantiki, na hifadhi ya kuilinda iliundwa mwaka 1992. Sisi wa Kivu hatuna bahari inayopwa na kujaa, tuna ziwa la mlimani lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mmea wao haututoshei. Namna yao ya kufanya kazi ndiyo inayotufaa. Katika nchi nyingi watu walichomeka miche ya mikoko kwa maelfu kwenye tope tupu, ikafa karibu yote, kwa kuwa hakuna aliyeuliza maji yanaingia wapi, yanatokea wapi na yanakaa muda gani. Waliofaulu walifungua kwanza njia ya maji, na mara nyingi mbegu zilizoletwa na bahari yenyewe zikaota bila kupandwa na mtu. Kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko, wakauza hewa ya kaboni (wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko) kuanzia mwaka 2013, na fedha ikaenda kwenye maji na shule za kijiji kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Sisi tuchukue mawili tu: maji kwanza, mche baadaye; na kazi iwe na wenyewe wanaokaa hapo.

Sababu ya kutongoja tunaijua. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, mvua iliporomosha mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena.

Kabla ya jembe: ni ravini, au ni ardhi inayotembea?

Hili ndilo swali la kwanza, na ukilijibu vibaya unaweza kuua watu. Bukavu ina magonjwa mawili ya udongo yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni ravini: maji yanapita juu ya ardhi, yanachimba mfereji, mfereji unapanuka, ukuta unaanguka, nyumba inafuata. La pili ni mlima wenyewe kuteleza polepole, na udongo wa chini sana ukiwa ndio unaosogea. Funu, katika komini ya Kadutu, imejengwa juu ya mtelezo wa namna hiyo, na wataalamu wameupima kwa satelaiti wakaona unaendelea kusogea.

Tembea mtaani ukiangalia mambo haya. Milango iliyokuwa inafunga vizuri sasa inakwama. Ufa unavuka ukuta wa nyumba moja, unaingia uani, unaendelea hadi nyumba ya jirani kwa mstari mmoja. Nguzo za umeme na miti mikubwa vimeinama upande mmoja. Ngazi ya saruji imeachana na nyumba. Chemchemi imetokea mahali ambapo hapakuwa na maji. Ulizeni wazee: nyumba hizi zimejengwa upya mara ngapi? Msichanganye nyufa hizi na zile za tetemeko la Februari 2008. Za tetemeko zilitokea siku moja zikatulia, hizi hukua kila mwaka wa mvua.

Mkiona dalili hizo, sehemu kubwa ya mwongozo huu bado inawafaa, ila kwa sharti moja zito: msichimbe mashimo ya kunyonya maji wala mitaro ya kutuamisha maji. Ardhi inayoteleza ikinyweshwa maji huongeza mwendo. Pale kazi ni kinyume kabisa: kuyakusanya maji yote na kuyapeleka nje ya eneo kwa mfereji uliosakafiwa, yasipate nafasi ya kuzama. Tena msidanganyane kwamba miti itashika mlima. Mizizi ya mti wa kawaida inashuka mita mbili, tatu. Mtelezo mkubwa unasogea chini zaidi ya hapo, na miti inasafiri pamoja nao ikiwa imesimama.

Kama ni ravini ya kawaida, endeleeni.

Watu, na karatasi

Anzeni na mwendo wa miguu wa pamoja. Waende watu wa chini wanaozikwa na tope, na watu wa juu ambako maji yanatoka. Twende siku ya mvua, au mara tu ilipokatika, kwa sababu siku ya jua kila mtu atasema maji yake hayana shida. Mama wa chini akiwa amesimama ndani ya uwanja wa yule wa juu, akamwambia kwa heshima, "Baba, angaliyeni, maji ya kwenu inatumalizaka kule chini," neno hilo linafanya kazi kuliko semina tatu.

Kamati ndogo inatosha: mtu wa juu, wa katikati, wa chini, mvuvi mmoja kama ravini inaishia ziwani, na angalau nusu wawe wamama, maana ndio wanaopita hapo na bidoni (madumu) za maji asubuhi na jioni na ndio watakaoona kwanza kizuizi kikitoboka. Mshirikisheni shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yenu) na shefu wa kartie (wa mtaa mzima) tangu siku ya kwanza. Si kwa ajili ya hotuba. Mkianza bila wao, mtu mmoja atakayeguswa parseli yake atakwenda kuwashitaki na kazi itasimama.

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wengi wanaoishi kando ya ravini ni wapangaji. Mpangaji anapanda, mwenye nyumba anarudi mwaka unaofuata, anang'oa, anajenga chumba kingine. Kwa hiyo kila mstari wa majani utakaopita kwenye parseli ya mtu uwe na karatasi ya makubaliano: mstari unapita wapi, upana wake ni hatua ngapi, nani anaruhusiwa kukata majani, mti ukikomaa ni wa nani. Mwenye parseli atie sahihi, mpangaji atie sahihi, shefu wa avenyu atie sahihi, na nakala ibaki kwa kila mmoja. Andikeni wazi kwamba kupanda mti hapo hakumpi mpandaji haki juu ya ardhi. Bila sentensi hiyo hakuna mwenye parseli atakayekubali, na ana haki ya kuogopa, kwa jinsi kesi za ardhi zilivyo nyingi mjini humu.

Mikono ipo: salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Pesa ndogo ya saki (magunia) na kamba ichangwe kama mnavyochanga likilimba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, na mtunza pesa asiwe yuleyule anayeandika daftari. Wafadhili wakija baadaye, vizuri. Wasipokuja, kazi isisimame.

Maji ya paa

Watu hawaamini maji ya paa mpaka wapige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, ikinyeshewa milimita 50, inamwaga lita 2,000, yaani bidoni mia za lita 20. Nyumba ishirini za avenyu moja zinaangusha lita 40,000 kwa mvua hiyohiyo, na zote zinaelekea kwenye kijia kimoja. Kabla ya kulaumu mlima, tuangalie manjanja yetu.

Kila nyumba iweke mfereji chini ya paa. Bati la zamani lililokunjwa kwa nyundo linafaa, hata mwanzi mnene uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo vya ndani. Maji yaingie kwenye pipa au tanki, na huo ndio mtego mzuri wa kumshawishi jirani mgumu: mahali ambapo bomba hukauka, mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya ravini, anafanya ili asiende kuchota mbali. Mvua ya kwanza baada ya jua refu imwagwe, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Pipa likijaa, maji yanakwenda wapi? Hapo ndipo kazi yenyewe. Yateremke kwa mfereji wenye mawe chini, au kwa bomba, hadi sehemu ngumu. Kwenye ardhi isiyo na dalili zile za mtelezo, mnaweza kuchimba shimo la kunyonya lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali kabisa na ukingo wa ravini. Nikiwa na shaka hata kidogo juu ya ardhi, silichimbi.

Vijia

Ravini nyingi zilianza kama njia ya miguu. Watu hukata mkato, miguu inaua majani, mvua inafuata miguu. Vunjeni mwendo wa kijia: kipindeni kama nyoka pale penye nafasi, na pasipo na nafasi wekeni ngazi za magogo au mawe, kila baada ya ngazi chache mtaro mdogo wa kutupa maji pembeni, penye majani. Msifunge njia ya watu. Wataifungua usiku.

Kupata mstari wa usawa bila fundi

Majani ya kuzuia udongo yanapandwa kwa mstari ulio sawa kabisa kuvuka mteremko. Mstari ukiinama hata kidogo, maji yanaufuata hadi sehemu ya chini na kutoboa hapo, na mmetengeneza ravini mpya kwa mikono yenu. Jicho halitoshi, mteremko hudanganya jicho.

Chukua miti miwili iliyonyooka, mita 2 kila mmoja, na wa tatu wa mita 1. Ile miwili ifunge pamoja juu na uipanue chini hadi miguu iachane mita 2. Wa tatu uufunge katikati, upate herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, uzi upite mbele ya mti wa katikati.

Sasa kipimo chenyewe kinapimwa. Kisimamishe, weka vigingi miguu ilipogusa ardhi, na uzi ukitulia chora alama pale unapokata mti wa katikati. Kigeuze, mguu wa kushoto ukae palipokuwa mguu wa kulia. Chora alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Ichonge kwa kisu isifutike.

Mwanzoni mwa mteremko, juu, weka kigingi. Mguu mmoja ukae hapo, mwingine usogeze juu na chini mpaka uzi uingie kwenye alama ya usawa. Piga kigingi, zungusha kipimo, endelea. Watoto wa shule wanaifanya kazi hii vizuri kuliko wakubwa, kwa sababu hawaharakishi. Mkimaliza, angalieni vigingi kwa mbali, na kile kilichojitenga sana na wenzake kisogezwe kidogo ili mstari uwe laini.

Kwa mfereji wa kupeleka maji pembeni, ambao lazima uiname kidogo, funga kibao chenye unene wa sentimita 2 chini ya mguu wa mbele, ule unaoelekea maji yanakokwenda. Kila hatua ya kipimo itashuka sentimita 2 kwa mita 2, na maji yatatembea bila kukimbia.

Kati ya mstari na mstari, shukeni kiasi cha kimo cha mtu kutoka nyayo hadi kifua. Huo ni urefu wa kushuka wima, si wa kutembea.

Vetiva, na majani mengine

Kama ningeruhusiwa mmea mmoja tu kwa miteremko ya Bukavu, ningechagua nyasi ya vetiva. Mizizi yake inakwenda chini badala ya kutapakaa, ikipita mita 2 na hata 3 kwenye udongo mzuri. Mashina yake yakikaribiana yanakuwa ukuta: maji yanapita polepole, udongo unabaki nyuma, na baada ya misimu kadhaa mteremko unajitengenezea ngazi. Aina inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo haigeuki kuwa gugu kwenye mashamba ya maharage.

Ng'oa kichaka, kipasue kwa mikono au panga upate vipande vyenye mashina mawili au matatu kila kimoja. Kata majani yabaki sentimita 20, kata mizizi ibaki kama kidole. Chovya mizizi kwenye uji wa samadi na udongo, na usiiache juani hata dakika chache. Kwenye mtaro mdogo uliofuata vigingi, panda kipande kila sentimita 10 hadi 15. Kwa hesabu hiyo mstari wa mita 30 unahitaji vipande 200 hadi 300, na hapa ndipo watu hukwama, kwa kuwa walidhani watapata kwa jirani. Anzisheni kitalu cha vetiva miezi sita au zaidi kabla, mwezi wa pili au wa tatu, kwenye kipande cha ardhi chenye rutuba na jua. Kitalu hicho kisiwe chini ya miti: vetiva haipendi kivuli, hudhoofika na kufa taratibu. Kwa sababu hiyohiyo msije mkapanda miti minene juu ya mstari wake.

Mwezi wa kwanza na wa pili baada ya kupanda, rudini kuziba mapengo. Pengo moja la upana wa kiganja ndilo mlango wa maji. Mwaka wa kwanza majani yakatwe mara mbili, tatu, yabaki kimo cha goti, ili mashina yaongezeke. Yaliyokatwa yatandikwe shambani au yaezekee banda.

Ukikosa vetiva, tripsakum na setaria, majani ya malisho, vinajulikana Kivu tangu zamani kwa kazi ya kushika kingo za mashamba, na faida yake ni kwamba ng'ombe na mbuzi wanavila, kwa hiyo mtu ana sababu ya kuvitunza. Mabingobingo yanashika udongo pia, lakini yanataka kukatwa kila wakati. Yakiachwa yanalala na maji yanapita juu yake.

Ndani ya ravini

Msiguse ravini kabla ya kupunguza maji yanayoingia. Nimeona vizuizi vizuri vya mawe vikisombwa kwa usiku mmoja kwa sababu paa zote za juu zilikuwa bado zinamwaga humo.

Jengeni vizuizi vingi vifupi, visizidi kimo cha goti au paja. Ukuta mmoja mrefu ni bomu: ukivunjika, maji yote yaliyokuwa nyuma yake yanashuka mara moja. Vifaa ni mnavyopata: mawe, saki zilizojazwa udongo, vigingi vya miti vilivyosukwa kwa fito au mianzi. Kanuni hazibadiliki. Kizuizi kiingie ndani ya kuta za ravini pande zote mbili, nusu mita, la sivyo maji yatazunguka na kukata ukuta. Katikati pawe chini kuliko pembeni, kama tandiko la punda, ili maji ya ziada yapite katikati. Chini ya mdondoko huo pangeni mawe, maji yasichimbe msingi. Na umbali: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kile cha juu yake, mpime kwa fremu ileile ya A.

Saki za plastiki huoza juani, na zikioza zinakuwa takataka nyingine ziwani. Kwa hiyo zichukulieni kama mkopo: tope likishajaa nyuma ya kizuizi, msimu huohuo pandeni humo vetiva, na sehemu za chini zenye unyevu pandeni mianzi. Mianzi ya kutoa vichaka ndiyo inayotakiwa, nayo ikae mbali na kuta za nyumba.

Uchafu ni sehemu ya kazi hii. Ravini kwa wengi wetu ndiyo jalala, na chupa zinaziba vizuizi, maji yanapanda pembeni. Wekeni wavu wa mianzi kwenye kizuizi cha mwisho na siku ya kuusafisha kila wiki ya mvua. Plastiki isiyonaswa inaingia ziwani, inafuata mkondo hadi pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, na kule kwenye kituo cha Ruzizi I ndiyo inayokwamisha mashine za umeme. Umeme ukikatika Kadutu, chupa iliyotupwa Kadutu inaweza kuwa ilichangia.

Miti, kwa kiasi

Miti ipandwe juu ya ravini na pembeni, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Mti mzito ukiwa ukingoni kabisa unausukuma uanguke. Grevilea ni rafiki wa shamba: mizizi inashuka, matawi yanakatwa kuni, mbao inauzika. Parachichi na pera zinaishi kuliko miti yote kwa sababu inayoeleweka, mtu hamwachi mbuzi ale parachichi lake. Mkalatusi, nasema waziwazi, usiwe karibu na chemchemi wala juu ya mstari wa vetiva. Unakunywa sana na chini yake majani hayapendi kuota. Mwenye kuuhitaji kwa mbao na makala (mkaa) apande kwake, mbali.

Mbegu za grevilea zinataka miezi minne hadi sita kitaluni, kwa hiyo zipandwe mwezi wa nne au wa tano ziwe tayari mvua zikishika Septemba na Oktoba. Shimo la sentimita 40 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando urudi chini na samadi, mche mmoja kila mita 3. Juu ya kila mche, jina la mlezi.

Ukingo wa ziwa

Sasa ndiyo zamu ya maji. Mmefika hapa msimu mmoja au miwili ya mvua baada ya kuanza juu, si kabla.

Matete na mafunjo yanapunguza nguvu ya mawimbi, yanakamata tope la mwisho, na kati ya mashina yake samaki wadogo wanajificha. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaa karibu na ukingo wakiwa wachanga kabla ya kwenda katikati. Ndiyo maana wavuvi wa ndoano na wa nyavu wanapaswa kuwa ndani ya kamati, na ndiyo maana chandarua cha mbu kinachokokotwa ukingoni ni hasara kwa mvuvi mwenyewe.

Chagueni ghuba tulivu. Wakati wa kiangazi ziwa hushuka kidogo. Hapo chukueni vipande vya mzizi wa matete wenye vifundo viwili au vitatu, kutoka sehemu iliyo na wingi, na msichukue vyote mahali pamoja. Vizikwe kwenye tope lenye maji ya kifundo cha mguu, nusu mita hadi mita moja kati yake, kila kimoja kikifungwa kwenye kigingi. Mbele yake, upande wa mawimbi, simamisheni uzio wa mianzi kwa msimu wa kwanza. Bila uzio huo mawimbi ya alasiri yatang'oa kila kitu.

Acheni wazi mahali pa kutia mitumbwi, pa kuchota maji na pa kufulia. Wamama ndio wapime upana wake. Jambo hili ni la afya pia: konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia kati ya majani, kwa hiyo watoto wasiogelee ndani ya matete, na pa kuogea pabaki pasafi, penye mawe.

Kuanzia kiangazi hadi kiangazi

Kiangazi, Juni hadi Agosti, ni wakati wa jembe na mawe: mifereji, ngazi, vizuizi, vipimo, na matete ya ziwani. Septemba, mvua ikishanyesha mara kadhaa na udongo umelowa kiganja kizima, pandeni vetiva, kisha miti. Novemba zibeni mapengo. Baada ya kila mvua kubwa watu wawili wapite juu hadi chini na daftari: kizuizi gani kimetoboka, maji yamepita wapi mapya, mfereji wa nani umeziba. Tengenezo la siku hiyo ni saki mbili. La mwezi ujao ni ukuta wa nyumba.

Kubalianeni pia ishara ya hatari, filimbi au mlio wa bati, na nyumba iliyo juu, mahali pagumu, ambako watu wa kando ya ravini watalala mvua ikizidi usiku. Maji ya ravini yakipungua ghafla huku mvua inaendelea, msifurahi: huenda yamezibwa juu na yatashuka kwa pamoja. Hapo piga filimbi, watu watoke.

Juni hesabuni miche iliyo hai, si iliyopandwa, na mwandike sababu ya kila iliyokufa: mbuzi, jua, maji, mtu. Vetiva ya kitaluni itakuwa imezidi mahitaji yenu kufikia hapo. Kabla ya kuiuza kwa avenyu zilizo chini yenu, wapelekeeni bure walio juu yenu ambao hawajaanza, pamoja na fremu ya A na mtoto mmoja anayejua kuitumia.